Chai Juu ya Kitambaa Cheupe

Jumamosi, 25 Novemba

Nimerudi kutoka darasani, miguu si yangu. Asubuhi nzima nilikuwa juu ya ngazi nikivuta nyaya kwenye dari la fundi viatu, mchana nikawafundisha wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, somo la dhambi ya asili. Darini kuna vumbi na panya. Darasani kuna Bwana Swali, mstaafu asiyeishiwa maswali. Afadhali panya.

Somo lilikuwa la sikukuu ya tarehe nane: Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Kila mwaka nalifundisha, kila mwaka darasa zima linakosea palepale. Nikauliza, hapa tunasema mimba ya nani? Wote kwa sauti moja: ya Yesu! Hapana jamani — ya Maria mwenyewe, tumboni mwa mama yake, Ana. Baba alikuwepo, Yoakimu, mume halali kabisa. Muujiza ni kwamba dhambi ya asili haikumgusa mtoto. Mama Saluni, msusi wa mtaani, akasema basi huyo baba ameonewa, mbona hatajwi? Tukacheka.

Kisha nikatoa silaha yangu ya kila mwaka. Kitambaa cheupe na kikombe cha chai. Hii ni roho, nikasema. Nikamwaga. Hivi ndivyo kila mtoto anavyozaliwa — na doa! Ubatizo ndio sabuni. Maria peke yake alikingwa, nikafunika kwa kiganja pembe iliyobaki nyeupe, kabla doa halijamfikia. Huwa wanapiga makofi hapo. Leo pia walipiga.

Isipokuwa mkwe wangu. Mke wa kijana wangu mkubwa, tunaishi naye, huketi nyuma kabisa. Aliinuka akatoka. Nikadhani anakwenda msalani.

Hakurudi. Sasa yuko chumbani kwake, mlango umefungwa. Mume wake yuko safarini na lori. Mke wangu bado yuko kwa dada yake. Nimebaki mimi na njaa yangu.

Jumapili, 26 Novemba

Mke wangu amerudi, akakiona kile kitambaa ndani ya ndoo. Hakupiga kelele — heri angepiga. Aliuliza nimekitoa wapi. Kwenye kabati la shuka, nikasema, chini kabisa, kilikuwa kimekunjwa tu, hakitumiki. Akatafuta kiti akakaa.

Kilikuwa cha mtoto.

Mjukuu wetu wa Machi. Alizaliwa alfajiri, na jua halijapanda vizuri akawa ameondoka. Hakubatizwa. Nani angewaza maji? Kila mtu pale alikuwa anahangaikia pumzi zake. Pindo la kile kitambaa mama yake alilishona kwa mkono, jioni kwa jioni, tumbo likiwa limemjaa hadi mapajani. Mtoto hakuishi hadi kufunikwa nacho.

Na mimi, babu mtu, nimekiinua mbele za watu nikakimwagia chai. Nikasema hivi ndivyo kila mtoto anavyozaliwa.

Siandiki zaidi.

Jumatatu, 27 Novemba

Chai ya asubuhi ameileta mkwe wangu. Salamu kwa heshima zote, macho sakafuni. Nikamwambia, mama, nisamehe, sikujua. "Haina neno, Baba." Hiyo "haina neno" naijua. Nimeoa siku nyingi.

Nikakifua kitambaa mwenyewe. Kwa maji ya moto, kwa juhudi zote. Mke wangu akashika kiuno: Moto? Doa la chai? Umelipika kabisa, limeiva! Sasa lina rangi ya kutu na kingo kama ramani. Kipaji hiki sijui nilikirithi kwa nani. Kwa Adamu, labda.

Alhamisi, 30 Novemba

Soketi ya sakristia kule kanisani imeungua, nikaitwa. Nikamkuta Paroko ana mafua, nikamwaga yangu yote.

Akaniuliza nani kanifundisha kwamba dhambi ya asili ni uchafu. Nikasema ni mimi mwenyewe, Padri, na nimewafundisha wengi. Akapenga kamasi. Akasema mtoto mchanga hajatenda kosa lolote. Dhambi hii hatuitendi, tunaipokea tu kwa kuzaliwa binadamu. Wazazi wetu wa kwanza walipewa utakatifu, wakaupoteza, hawakuwa nao tena wa kuturithisha. Kwa hiyo si kitu kilichopakwa juu ya mtoto. Ni kitu anachokikosa. Maria yeye alijazwa neema tangu nukta ya kwanza, kwa stahili za Mwanae. Naye ameokolewa kama sisi — ila yeye kwa kukingwa.

Na waliokufa bila maji?

Hapo akaacha leso. Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu, akasema, na lina sababu ya kutumaini. Mungu ametupa ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake.

Nikamwomba aje nyumbani aseme hayo. Akaniuliza, chai aliimwaga nani? Halafu akaomba niangalie na taa ya korido. Hawa watu hawakuachi hivihivi.

Jumamosi, 2 Desemba

Kiti cha nyuma kitupu.

Nikawaambia somo la juma lililopita nililikosea. Bwana Swali aling'aa uso kama bwana harusi. Nikaanza upya, na kazi yangu mwenyewe safari hii. Nyumba mpya, kuta safi, haina kasoro ya fundi. Lakini laini ya mtaa ilikatwa zamani, na watu wa kwanza kuhamia. Mtoto anazaliwa humo, ndani giza. Utamchapa kwa sababu hakuna taa? Utamwita mchafu? Ubatizo ni kuunganishwa tena. Maria alianza kuwepo taa ikiwa tayari inawaka.

Mama Saluni: Kwa hiyo Mungu ni shirika la umeme? Basi tumekwisha, mwalimu! Jana nimemwacha mteja na nywele nusu!

Kicheko. Hata mimi.

Bwana Swali akanyanyua kidole. Mwokozi alikuwa hajazaliwa — taa ya Maria iliwashwa na mtambo gani? Mzee huyu ataniua. Nikasema sisi ndio tunaosubiri kesho ifike. Kwa Mungu mtambo ulikuwa unazunguka tayari. Akaandika. Kisha, kidole kilekile: na yule aliyekufa kabla fundi hajafika?

Hapohapo akakumbuka nyumba yangu, akajiziba mdomo. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba mimi ndiye ninayehitaji nyaya. Mwenye jua hahitaji. Kukicha, mwanga unaingia hata nyumba ambayo fundi hajaigusa.

Hakuna aliyepiga makofi. Nimefika nyumbani nimechoka hoi, lakini si uchovu wa ngazi.

Jumatano, 6 Desemba

Mama Saluni alikuja kumsuka mkwe wangu. Wao sebuleni, mimi nje ya dirisha nabadilisha balbu ya kibaraza. Sikukusudia kusikiliza. Sawa, nilikusudia.

Mama Saluni akamsimulia somo lote, na shirika la umeme, na chumvi zake juu. Halafu mkwe wangu: kwa hiyo hakuwa mchafu? Mchafu atokee wapi, mwenzake akamjibu, mtoto hata dunia hajaikanyaga! Tulia nikusuke.

Kisha mkwe wangu, kwa sauti ndogo: "Mbona Baba hajaniambia mimi?"

Balbu nusura iniponyoke. Kweli. Paroko nimemweleza. Darasa zima nimelieleza. Hata fundi viatu, na hakuniuliza. Yeye, ukuta mmoja tu kati yetu — sijamwambia neno.

Ijumaa, 8 Desemba

Sikukuu. Misa ya asubuhi, mahubiri mafupi, asante kwa mafua ya Paroko. Mkwe wangu alikuja. Alisimama nje ya mlango wa kanisa hadi mwisho, hakuingia, hakuondoka.

Tangu tumerudi nazunguka meza kama fundi aliyepoteza koleo. Nimekaa kuandika ili nisifanye kinachotakiwa kufanywa. Mke wangu ameliona hilo, amejifanya ana safari ya sokoni.

Chai imekuja. Vikombe viwili! Lakini kwanza mkwe wangu ametandika kitambaa mezani. Kile. Kimepigwa pasi, pindo limenyooka, doa lipo juu, hakulificha. Ameweka kikombe changu pembeni ya doa, chake upande wa pili.

Sijui kama ni msamaha au ni wito.

"Baba, ukimaliza kuandika, nieleze na mimi."

Nimemwambia namalizia mstari. Yale ya nyaya yote yamenitoka kichwani. Ya Paroko pia. Kuanzia kwa Adamu ni mbali mno, chai itapoa. Labda nianze kwa kumuuliza mtoto alifanana na nani. Sote humu ndani hatujawahi kumuuliza.

Amevuta kiti. Kalamu naiweka —