Laptopu Haimsikii Baba

Jumamosi, 3 Mei

Nimefanya! Laptopu yangu sasa inaendeshwa na mfumo wa Linux wa majaribio, toleo ambalo bado halijatoka rasmi, la watu wenye moyo wa chuma au wasio na akili timamu. Ukurasa wa kupakulia ulionya kwa herufi nyekundu: usiweke toleo hili kwenye mashine unayoitegemea. Nikasoma. Nikakubali kwamba ni ushauri mzuri sana. Nikaweka.

Sababu ninayo. Mfumo wa zamani ulikuwa mzito, unaweza kuoga na kuvaa kabla haujafunguka. Halafu shemeji, mume wa dada, bingwa wa kila kitu asichowahi kukigusa, alisema Linux si ya mtu anayeshinda akichonga meno bandia kama mimi. Baada ya maneno hayo ningefanya nini? Heshima ina mipaka.

Sura yake nzuri kweli. Kila kitu kinang'aa. Mtandao ulishika mara ya kwanza. Baba akapita na kikombe chake, akainama kutazama.

"Imepona?"

Nikamwambia imepona.

Jumapili, 4 Mei

Haijapona. Haisemi wala haisikii. Spika nimezifufua baada ya kuhangaika asubuhi nzima, lakini maiki — mfumo unasema hakuna maiki. Naiona! Tundu lile pale, pembeni ya kamera. Mfumo unaniambia kwa adabu kwamba macho yangu yananidanganya.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema. Hii haisikii la mkuu wala la mdogo, na miguu haina.

Na maiki ndiyo niliyokuwa naihitaji. Baba alikuwa mpiga mnada maisha yake yote. Sauti yake iliuza makabati, cherehani, magari ya marehemu. Akituita kula, majirani nao walinawa. Sasa kuna uvimbe kooni. Daktari wa koo atautoa tarehe kumi na tano. Alituambia sauti huenda ikarudi, huenda isirudi. Alisema kwa upole, akiitazama kalamu yake.

Dada akataka tumrekodi. Baba akakataa katakata. Eti anayerekodiwa ni marehemu mtarajiwa, na yeye anakwenda kutolewa uvimbe, haendi kuzikwa. Simu ikitoka mfukoni tu, anafunga mdomo kama mtoto aliyeonyeshwa dawa. Nilidhani laptopu isingemtisha kama simu. Bado sijajua. Kwanza isikie.

Jumanne, 6 Mei

Nimeripoti hitilafu kwenye jukwaa la mtandaoni la wajaribu mfumo. Niliandika vizuri, kwa mpangilio, kama mgonjwa anayetaka kumfurahisha daktari. Msimamizi mmoja, anayejiita Bundi (jina la kutia moyo hilo!) amejibu maneno matatu: Kwangu inafanya kazi.

Nimefurahi kwa ajili yake.

Kazini: bibi mmoja amerudisha meno yake ya juu mara ya pili. Nimeyapanga yakabanana, safi, hayana kasoro. Anasema hayo si yake, yake yalikuwa na mwanya. Nimwekee mwanya wake. Nilibisha kidogo, kisha nikawasha mashine ya kuchongea.

Jumatano, 7 Mei

Nilikuwa nimeiinamia laptopu nikisema moja, mbili, moja, mbili. Baba akasimama mlangoni akacheka hadi akakohoa.

"Unaomba au unaamuru? Sauti hiyo haiuzi hata kijiko, mama."

"Haya, baba, jaribu wewe."

Nilisema bila kufikiri. Kumbe! Akavuta kiti. Akaweka mabega sawa. Akauliza kwanza, inarekodi? Nikamwambia ukweli: haiwezi kurekodi chochote, ni kiziwi, ndiyo shida yenyewe. Akaridhika. Akavuta pumzi.

"Kabati! Mbao ngumu, milango miwili, kioo hakina ufa! Nani ananifungulia bei? Bwana mwenye kofia, usijikune, ukijikuna nahesabu umenunua!"

Vikombe vililia kwenye rafu. Kwenye skrini, mstari wa sauti umelala kama maji ya mtungi. Baba akaukodolea macho.

"Imeshindwa?"

"Imeshindwa."

Sijui kwa nini alionekana amefurahi. Kesho tena, akasema.

Ijumaa, 9 Mei

Jana nilisasisha mfumo, wakaharibu kipanya. Leo nimesasisha tena, kipanya kimerudi, ila saa ya pembeni mwa skrini inadai tuko mwaka mwingine. Maiki ile ile. Maji nimeyavulia nguo.

Baba sasa anakuja mwenyewe baada ya chai. Amejipa cheo: mkuu wa majaribio. Amechoka kunadi makabati. Leo alikaa mbele ya laptopu na kuanza tu kuzungumza nayo, kama mtu na abiria mwenzake asiyemjua.

Akaieleza kuhusu mama. Kwamba kila Jumamosi kulikuwa na msichana anasimama nyuma kabisa ya mnada, hanyooshi mkono, hanunui hata kikapu. Siku moja akamfuata.

"Nikamwambia, bibie, mbona hununui? Unanijazia uwanja bure. Akanijibu bila hata kutabasamu: nangoja siku utakayonadiwa wewe."

Kisha akaiambia laptopu, kwa sauti ya chini yenye mikwaruzo, kwamba alishuka bei hapo hapo.

Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo! Mama alifariki tukiwa watu wazima, na hakuna aliyetusimulia. Nilitazama mstari. Umelala. Baba akanigeukia, macho makavu kabisa.

"Andika kwenye ripoti yako: bado."

Jumapili, 11 Mei

Dada alipiga simu. Nilimsimulia habari ya mnada, akalia, kisha akakasirika. Anasema nina mali kila siku na naiacha imwagike. Niweke simu chini ya kitambaa, nirekodi, basi. Kwani ni dhambi?

Nikaweka. Chini ya kitambaa cha kufutia kioo, pembeni ya laptopu. Baba akaja, akaketi, akaanza kuieleza mashine jinsi alivyonadi vyombo vya baba yake mwenyewe, na jinsi hakuna aliyegundua kwamba sauti yake ilitetemeka. Alikuwa anaongea polepole, koo linamsumbua. Na mimi nakitazama kitambaa! Maneno hayaniingii hata moja. Nimekaa kama mwizi anayengoja mbwa alale.

Katikati ya sentensi nikaichomoa simu, nikasingizia inaita, nikaipeleka jikoni, nikafuta kila ilichonasa. Niliporudi baba alikuwa bado kwenye kiti chake. Akakitazama kitambaa. Akanitazama mimi. Kisha akaendelea pale pale alipoishia, hakuniuliza kitu.

Nilipomweleza dada, akanijibu kwa upole, na afadhali angenitukana: "Sasa mdogo wangu, hiyo heshima yako ndiyo tutakayoisikiliza akishapasuliwa?"

Nimekiondoa kitambaa mezani.

Jumanne, 13 Mei

Bundi ameandika! Watu wengine wawili wenye laptopu kama yangu nao wamelalamika, na kumbe kwake ilikuwa inafanya kazi kwa sababu anatumia maiki ya kuchomeka. Anaomba radhi. Marekebisho yatatoka kesho, anasema. Nimemjibu asante sana. Nilichotaka kuandika ni kirefu zaidi.

Shemeji amekuja kumwona mgonjwa. Badala yake akaiona laptopu. Akatikisa kichwa: si alisema? Baba akamkatiza. Sauti imebaki nusu, lakini nusu ya baba ni nzima ya mtu mwingine.

"Iache. Haina ubaya. Inaniacha nimalize ninachosema, wewe je?"

Shemeji akakumbuka ana miadi.

Baadaye nikamkuta baba kibarazani peke yake, anasema kitu, taratibu, bila mtu. Aliponiona akajifanya anakohoa.

Jumatano, 14 Mei

Kesho asubuhi ndiyo hospitali. Begi liko mlangoni. Bosi wangu, daktari wa meno, amenipa ruhusa bila kuuliza maswali, ila amenikumbusha yule bibi: amechukua meno yake yenye mwanya, akatabasamu kliniki nzima.

Masasisho yalifika saa tisa alasiri. Yakashuka, yakajipanga, laptopu ikazima, ikawaka. Baba alikuwa bafuni. Nikafungua kirekodi, nikasema kwa mnong'ono: moja.

Mstari ukaruka.

Nikasema mbili. Ukaruka! Kijani, hai, unaumuka na kushuka. Nilisubiri furaha ije. Badala yake nikatazama mlango wa bafuni. Kwa siku zote hizi nimemwambia kweli: haisikii. Alizungumza kwa sababu haisikii. Sasa inasikia, na ni jioni ya mwisho.

Nikimwambia, atafunga mdomo. Namjua. Nisipomwambia, kitambaa kile kimerudi mezani, ila safari hii hakuna hata kitambaa.

Nikafikiria kuzima kirekodi. Kidole kikafika kwenye kitufe. Nikamkumbuka dada. Kidole kikarudi.

Naandika haya kwenye daftari, hapa hapa mezani, ili nipate pa kuangalia. Baba ameingia. Amevaa shati jeupe la mnadani, amelipiga pasi mwenyewe, mkono mmoja una mkunjo. Amekaa upande wa pili, haioni skrini. Anasema leo hanadi kitu wala hasimulii habari za zamani. Leo ana neno la dada, halafu ana neno langu. Ameyafikiria tangu jana kibarazani. Anataka ayaseme sawasawa, kwa hiyo nisimkatize.

Nimeitikia, naam baba.

Anaweka viganja mezani. Anasafisha koo, linamuuma, anangoja maumivu yaishe. Ananitazama muda mrefu kuliko kawaida. Sijui anajua nini. Anauliza, kama anavyouliza kila siku:

"Bado kiziwi?"

Mstari umeruka kwa swali lenyewe. Anangoja nijibu. Nasema —