Tiketi ya Kushukia Njiani

MAELEZO YA SHAHIDI KUHUSU ABIRIA ASIYEONEKANA
Kituo cha Polisi, Uwanja wa Ndege

Jina: Fundi Sponji (ndilo analojulikana nalo, hata nyumbani kwake)
Umri: Miaka 43
Kazi: Fundi wa makochi
Makazi: Nyumba ya kupanga, nyuma ya karakana yake
Uhusiano na abiria: Mkwe

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Afande akiona nimechanganyikiwa aandike hivyo hivyo, maana ndivyo nilivyo.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, jioni, mke wangu aliniambia kwamba dada yake mama mkwe atapasuliwa moyo leo, tarehe 16, saa sita mchana. Mji anaoishi ni siku mbili kwa basi. Mgonjwa amesema haingii chumba cha upasuaji mpaka amwone mdogo wake, kwa sababu katika tumbo la mama yao wamebaki wao wawili tu. Mke wangu akasema, "Baba watoto, kwa magoti yale mama hawezi basi. Tafuta ndege."

Nilitafuta kwenye simu, kwenye ile mitandao inayolinganisha bei. Nikitazama asubuhi ni bei hii, nikirudi mchana imepanda, kana kwamba kuna mtu ananichungulia. Simu ya mke wangu ilikuwa na bei yake, na yangu nayo ina bei yake. Bei za siku za kabla ya leo hazikushikika kabisa.

Tarehe 11 mteja mmoja alikuja karakana kuchukua kiti chake. Akaniuliza mbona nimenuna, nikamweleza. Akasema, "Usitafute tiketi ya kuishia huko. Tafuta ya kupitia huko kwenda mbele zaidi, halafu mtu wako ashuke njiani." Nilidhani ananitania. Nikatafuta, nikaikuta kweli: ndege ile ile, saa ile ile, ila tiketi ya kwenda mbali zaidi ilikuwa karibu nusu ya bei. Mpaka sasa sielewi. Mimi siwezi kukutoza kochi la watu watatu chini ya kochi la mtu mmoja, utasema nimerogwa. Lakini nilikata.

Afande ameniuliza kama nilijua kampuni za ndege hazipendi mchezo huo. Nilijua kidogo. Ila niliona nimelipa njia nzima. Mtu akinunua mkate akala nusu, ameiba?

Mteja alinionya kwamba mama asikabidhi begi kaunta, abebe la mkononi tu, kwa sababu likikabidhiwa litapitiliza. Hilo tulilizingatia. Mke wangu alimpangia begi dogo mwenyewe.

Leo tulifika hapa uwanjani saa kumi na moja alfajiri. Kwa ajili ya magoti, mke wangu aliomba kiti cha magurudumu, na tukaahidiwa kwamba atapokelewa na kusukumwa kila ndege itakapotua. Tulifurahi. Mimi nilimpa mama mkwe tiketi kwa mikono miwili, nikatazama chini, nikasema, "Safari njema, mama." Akajibu, "Asante, baba. Mungu akuzidishie." Basi.

Afande ameuliza nani alimwambia ashukie njiani. Hapo ndipo ninapopatwa na kizunguzungu.

Tangu nimeoa, mimi na mama mkwe tunasalimiana, tunaulizana hali, tunaishia hapo. Si ugomvi, ni heshima. Mengine yote hupitia kwa mke wangu. Sasa mtu mzima kama yule, tena mkwe, nitamwambiaje, "Ukifika katikati, toroka"? Niliona aibu. Nikajua mwanawe atamwambia. Mke wangu naye, nilipomuuliza baada ya mama kukosekana huko, alisema hivi: "Mimi hata sikuielewa hiyo tiketi yako. Nilijua utamweleza wewe ukimkabidhi." Tulikuwa tumesimama pale maegesho, tukatazamana.

Saa tatu na nusu shemeji yangu, mtoto wa mgonjwa, alipiga simu kutoka uwanja wa huko. Akasema, "Shemeji, abiria wameisha, wasafishaji wanapiga deki. Mama mdogo simwoni." Nilimwambia aulize watu wa viti vya magurudumu. Wakamjibu kwamba bibi mmoja alisukumwa vizuri kabisa hadi kwenye ndege ya pili, na ndege imesharuka. Simu ya mama mkwe imezimwa, nadhani hajui kuiwasha.

Saa tano shemeji alipiga tena. Madaktari wamesema hawawezi kusubiri. Mgonjwa aliuliza kama ndege ya mdogo wake imetua, wakamwambia imetua, akakubali kuingizwa. Hawakumdanganya, ndege ilitua.

Nina hasira, ila sijui nimkasirikie nani. Mteja alisema kweli, mtandao ulisema kweli, yule wa kiti cha magurudumu alifanya kazi yake. Nisaidieni apatikane.

Niliyoyasema ndiyo hayo. Nimesomewa na nimeyakubali, ingawa kuyaelewa bado.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maoni ya mpokea maelezo, Koplo wa zamu:

Shahidi alipokuwa akitia sahihi, saa sita na robo, simu yake iliita kutoka namba ngeni. Nilisikia sauti ya mama mtu mzima ikisema, "Baba, nimefika salama, kuna msamaria kaniazima simu. Niko hapa nje nasubiri kuchukuliwa. Mwambieni dada asiingie kwanza, nimeshafika." Shahidi alininyooshea simu, akaniomba nimweleze mimi, kwa kuwa huyo ni mkwe wake. Nilikataa. Alisimama, akavua kofia, akasema, "Mama, bado hujafika."