Maji Aliyonyimwa Elina

Kinyangiri, 5 Juni 1960

Mjukuu wangu Naftali,

Huku wazima. Mtoto wako anakunywa maziwa ya mbuzi na kulia mpaka majirani wanajua saa. Afya yako siulizi; miguu ya kwenda posta unayo. Nauliza ya mkeo. Ulimpakia Elina kwenye lori la Manyoni akiungua homa ya uzazi, mkapanda treni kwenda hospitali ya Dar es Salaam, tangu hapo kimya. Yu hai? Kama kalamu ni nzito, andika neno moja.

Bibi yako, Rahabu

Dar es Salaam, 12 Juni

Shikamoo Bibi,

Niwie radhi. Elina yu hai, lakini homa ile iliingia kwenye damu, figo zikalala. Siku ya tisa hajakojoa. Wamemtoboa chini ya kitovu, wakapitisha mpira. Wanamimina maji ya dawa tumboni, yanakaa, kisha wanayatoa yamebeba sumu ambayo figo zingeitoa. Kutwa kucha. Daktari anasema figo huweza kuamka. Mpaka akojoe, anakunywa vikombe viwili tu kwa siku. Analia kiu.

Mjukuu wako, Naftali

Kinyangiri, 19 Juni

Naftali,

Mtoto ameanza kukaza shingo. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaitupa, nikaiokota. Tumboni wanammwagia, mdomoni wanamnyima. Kwetu hata adui akiomba maji hupewa kwanza, ndipo anaulizwa ametoka wapi. Sembuse mzazi. Nimezaa saba bila mpira. Na wewe umekaa hapo unamtazama mkeo akilamba midomo. Barua hii anakuja nayo shangazi yako Alute. Mpishe kitandani kwa Elina, ukalale.

Bibi yako

Dar es Salaam, 27 Juni

Shikamoo Bibi,

Salamu ndefu sina. Shangazi alikaa na Elina siku mbili. Ya pili akamnywesha kibuyu kizima cha togwa. Kulipokucha uso umevimba, kifua kimejaa maji, pumzi haipiti. Figo zimelala, maji hayana pa kutokea. Mpira walikuwa wameupumzisha; wameurudisha. Shangazi amefukuzwa wodini, anasema kosa ni lake peke yake. Bibi, ni lake? Daktari hajaniahidi kesho.

Naftali

Kinyangiri, 4 Julai

Naftali,

Mtoto mzima. Mimi sili. Kosa ni langu. Nilimwambia Alute, "Nesi akigeuka, mpe." Nikamwapisha asinitaje. Kawaombe wamrudishe wodini. Neno la kuomba msamaha sikulizoea, kwa hiyo mtamkie Elina wewe, umwambie limetoka kwangu. Vikombe viwili, asizidishe. Kila lori likija naenda barabarani kuulizia barua. Jana la watu wa chumvi, leo la ng'ombe.

Bibi yako

Dar es Salaam, 10 Julai

Shikamoo Bibi,

Elina amekojoa. Juzi nusu kikombe, jana kikombe na robo. Mpira wameutoa. Neno lako nimemfikishia. Akauliza kama mtoto anashiba.

Mjukuu wako, Naftali

Kinyangiri, 18 Julai

Elina mke wa mjukuu wangu,

Anashiba. Barua za mumeo nimezisoma kanisani Jumapili. Mchungaji alitaka nisome salamu tu. Nikasoma mpaka mkojo, kikombe na robo. Mchungaji akakohoa, wanawake wakapiga vigelegele, watu wakataka kuimba. Nikawaambia wangoje. Nikasoma na ya kibuyu, nikasema aliyekituma ni mimi, siyo Alute. Hakuna aliyeimba. Nikarudi kukaa nilipokuwa nimekaa.

Bibi yako, Rahabu