Kisanduku cha Sauti Nyumbani kwa Bi Haskew

Alvin, Texas
3 Machi 2014

Mjukuu wangu Corinne,

Hujambo huko Atlanta? Unakula, au bado unaishi kwa kahawa? Mimi mzima. Goti lilitaka kunisumbua nikalikatalia. Juzi nimepanda juu ya paa peke yangu kuziba tundu, jirani akabaki ameshika kiuno, anatazama tu.

Picha zimefika, za hiyo nyumba mliyoijenga ndani ya ghala kwa ajili ya tamthilia ya wake za wanaanga. Nimezitazama na miwani na bila miwani. Makochi sawa. Bakuli za tambi na jibini za wale wanawake waliokuja kukaa na mwenzao, sawa kabisa. Lakini kisanduku! Nani kawaambia kile kisanduku cha kumletea mke sauti za angani kilikaa sebuleni juu ya televisheni? Kilikaa chumbani, kando ya kitanda. Sebuleni kumejaa wageni, nje waandishi wa habari wamekanyaga nyasi zote mpaka zimekuwa matope, mke angesikilizia wapi kwa raha zake?

Mimi sisomi vitabu, shule niliiacha darasa la tano, lakini waya wa nyumba ya mwanaanga Wendell Haskew nimeuvuta mimi, mwaka 1965. Kampuni nzima ya simu hakukuwa na mtu wa kupanda nguzo kunishinda. Nikaingia, nikakiweka kisanduku kwa mkono huu unaoandika. Mwambie mwongozaji wenu akihamishe kabla hajachekwa.

Babu yako,
Hollis Tackett


Atlanta
13 Machi 2014

Babu yangu,

Shikamoo. Shuka juu ya paa, tafadhali. Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo imechafuka.

Nilimwambia Prentiss, mwongozaji wetu, mbele ya watu wote: "Babu yangu alikiweka mwenyewe." Niliapa, babu. Akaamini, onyesho zima likapangwa upya, mafundi wakahamisha taa siku nzima wakinitukana kimoyomoyo. Leo kaja Bi Marjean Haskew mwenyewe, mjane wa Wendell, tunamlipa aje atueleze mambo yalivyokuwa. Katazama chumba, akasema, "Hapana. Kilikuwa sebuleni. Picha za gazeti zipo." Nikataja jina lako. "Tackett? Simjui mtu huyo. Hajawahi kuingia kwangu."

Kisha mtu wa taa akaropoka, "Corinne, babu yako hakutua mwezini kweli?" Wakacheka mpaka wakashika meza.

Kisanduku kimerudi sebuleni. Prentiss kanipa mpaka Ijumaa ya tarehe 28 nilete uthibitisho, la sivyo mkataba wangu wa kusimamia vifaa unaishia hapo. Babu, kazi hii nimeisubiri miaka sita. Sitaki sifa sasa, nataka ukweli. Uliingia nyumba ile au hukuingia?

Mjukuu wako,
Corinne


Atlanta
19 Machi 2014

Babu,

Shikamoo. Sijapata jibu. Wewe ambaye unamwandikia hata mtengenezaji wa mashine ya kukata nyasi kumfundisha kazi yake, leo umenyamaza? Au unaumwa? Kama ulinidanganya niambie tu, nitavumilia. Kinachonimaliza ni hiki kimya.

Corinne wako


Alvin
21 Machi 2014

Corinne, mama,

Siumwi. Nilikuwa nafikiri, na mimi nikifikiri sipendi kukimbizwa.

Sikuingia. Hapo nilikuzidishia chumvi. Aliyeingia ni mwenzangu Duane kwa sababu viatu vyake vilikuwa visafi. Mimi nilikuwa juu ya nguzo nyuma ya nyumba. Ila waya niliupitisha dirisha la chumbani mwenyewe, kwa hiyo nilichosema nilikijua.

Sasa sikiliza, na hili ni la masikio yako tu. Siku Haskew anarudi duniani walinirudisha juu ya nguzo, waya usije ukaleta matata. Nikaunganisha simu yangu ya kupimia kwenye waya, nikawa nasikiliza. Mara sauti ikakatika, tii! Nikajua ni maungio yangu. Nikafumua, nikafunga, kimya. Nikafumua tena. Jasho linanitoka, nasema leo nimeaibika mbele ya Amerika nzima. Nikashuka, nikagonga dirisha.

Bi Haskew alikuwa sakafuni, kajibana kati ya kitanda na ukuta, kisanduku amekikumbatia. Akafungua dirisha. Akaniuliza, "Amekufa, siyo?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Ni waya wangu tu huu. Mimi ndiye fundi bora Texas nzima, na leo nimeuharibu."

Akacheka. Kamasi zinamtoka na anacheka. Nikarudi juu. Dakika kumi na moja, kisha sauti ya Haskew ikaja yenyewe, mimi koleo mkononi sijagusa kitu. Wiki iliyofuata msimamizi wetu ndiye aliyenieleza: wakubwa wa safari waliikata makusudi. Huko juu mambo yalikuwa yameharibika, hawakutaka mke asikie mumewe akiungua. Kumbe waya wangu ulikuwa mzima muda wote.

Siku ile, alipojipangusa uso, alikuja tena dirishani. "Hukuniona." Nikasema, "Sijakuona." Akapaka rangi ya mdomo, akatoka kwa waandishi, akawatabasamia. Kesho yake watu wa gazeti wakahamishia kisanduku sebuleni kwa picha nzuri.

Nimejisifu kwa yote niliyofanya, na kwa machache ambayo sikuyafanya. Hili hata marehemu bibi yako sikumwambia. Mwenyewe akisema sebuleni, basi ni sebuleni. Nenda kwa huyo Prentiss, mwambie babu yako ni mzee muongo. Kazi ikipona, vizuri. Isipopona, rudi nyumbani, chumba chako kipo. Barua hii ichome.

Babu yako,
Hollis


Atlanta
29 Machi 2014

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua nimeichoma. Niliisoma mara nne kwanza, nisamehe.

Jana nikasimama mbele ya wote nikasema, "Babu yangu ni muongo. Hakuingia nyumba ile. Alikuwa juu ya nguzo tu." Prentiss akaanza kuvuta pumzi ya kunifukuza. Bi Haskew alikuwa anakunywa chai. Akauliza, "Nguzo gani?"

"Ya nyuma, mama." Nikaona nimeshapitiliza.

"Na akakwambia aliona nini?"

"Hakuona kitu, mama."

Akaweka kikombe, akaenda kwenye televisheni, akakichukua kile kisanduku na kuelekea nacho chumbani. Prentiss anamfuata, "Bi Haskew, vijana watakubebea." "Niache, nimekibeba kabla hujazaliwa." Ana miaka themanini na moja, babu! Akajishusha sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, akamwita binti anayemwigiza. "Kaa hapa. Usianze kulia. Kwanza unasikiliza kama wale wanawake sebuleni wamegundua." Ilibidi watu wawili tumwinue.

Mkataba wangu umeongezwa mpaka mwisho wa tamthilia. Mtu wa taa kaniletea donati.

Jioni alinivuta pembeni, akanishika mkono. "Muulize babu yako, ile siku ulikuwa waya wake kweli? Watu wameniambia mengine baada ya Wendell kufa, sikutaka kuwasikiliza." Nimesema nitakuuliza. Nimwambie nini?

Mjukuu wako,
Corinne


Alvin
2 Aprili 2014

Corinne,

Hujambo? Mimi sijambo, na goti limesalimu amri.

Mwambie hivi, na umwambie mbele ya Prentiss na huyo wa taa na wote waliocheka. Ulikuwa waya wangu. Maungio ya tatu kutoka dirishani, niliyafunga ovyo, unyevu ukaingia. Kosa langu mimi Hollis Tackett, na hakuna mtu mwingine aliyeligusa. Na kama wataandika majina mwishoni mwa tamthilia, waliandike langu, na kosa liwe pembeni yake kwa herufi kubwa.

Babu yako,
Hollis Tackett, fundi wa nguzo