Kila Kitu Kiko Sawa, Mama

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko uliko? Sisi tunapumua. Mgongo wangu unauma palepale pa siku zote, na macho ya baba yako ni yaleyale, giza tupu. Nakuandikia mbiombio kwa sababu nyumba imekuwa kimya, na kimya hiki kinanitia wazimu.

Ile kompyuta kuukuu imezimika na haiwaki tena. Fundi ameifungua, akatikisa kichwa, akasema diski imeungua, hakuna cha kuokoa. Mjomba wako ametuletea nyingine, nzuri tu, ila ni ya mfumo mwingine kabisa. Nikachukua ile skripti uliyowahi kunitumia, ile ya kuiunda upya programu yako ya kunisemea, nikaiendesha. Ikahangaika weee, mwisho ikaandika: "Kila kitu kiko sawa, Mama." Nikabonyeza kuifungua programu. Haikutoa hata mkoromo.

Unaijua hali yetu. Mimi tangu upasuaji wa koo sina sauti, na baba yako hawezi kusoma ninachoandika. Programu ile, iliyokuwa ikisoma ninachoandika kwa sauti yangu uliyoirekodi kabla sijapasuliwa, ndiyo iliyokuwa ulimi wangu kwake. Sasa nagonga meza kwa kijiko: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Mke mzima, nagonga meza! Jirani amejitolea awe anamsomea, lakini yule mama, mambo yetu yangefika sokoni kabla sijamaliza sentensi.

Fanya hima.

Mama yako


Jumanne, 4 Machi

Shikamoo Mama,

Poleni sana, wewe na Baba. Mgongo uukande kwa maji moto, usipuuze. Mimi mzima, kazi tu ndiyo imenibana.

Nadhani tatizo nalijua. Skripti niliiandikia mfumo wa kompyuta ya zamani. Mfumo ule huweka alama mbili zisizoonekana mwishoni mwa kila mstari, huu mpya unataka moja tu. Ile ya ziada mfumo mpya unaidhani ni sehemu ya amri, basi unavurugikiwa. Fungua skripti, tafuta kwenye menyu palipoandikwa mwisho wa mistari, chagua mfumo wako, hifadhi, endesha tena. Hapa kwangu nimejaribu, imekubali.

Mwambie Baba asizungukezunguke ovyo.

Kitinda mimba wako


Jumamosi, 8 Machi

Marahaba mwanangu,

Nashukuru kusikia u mzima. Mgongo nimeukanda. "Mwambie Baba," unasema. Nimwambie kwa nini, kwa kijiko?

Nimefanya ulivyosema. Mimi nimepiga chapa mahakamani ujana wangu wote, alama isiyoonekana hainibabaishi. Safari hii imefika mbali, dirisha la programu limefunguka na vitufe vyake vyote. Ikaniambia tena kila kitu kiko sawa. Lakini bubu vilevile.

Baba yako hatulii. Anatoka sebuleni, anaingia jikoni, anarudi, anaita, "Uko wapi?" nami nimesimama ubavuni mwake. Jana nilimgusa bega, akashtuka, chai ikamwagika yote. Akafoka, "Si useme!" Halafu akakumbuka. Alikwenda karakanani kwake akashika randa, akawa anaranda ubao uleule mpaka ukaisha. Seremala gani anaranda ubao mpaka unaisha? Niliokota maranda huku machozi yananitoka.

Sasa niambie, imekubalije kwako na huku inagoma? Nijibu leoleo.

Mama yako


Jumatatu, 17 Machi

Shikamoo Mama,

Samahani kwa kuchelewa, mambo yaliingiliana. Natumaini mnaendelea vizuri.

Jaribu hivi: kwenye anwani za mafolda, vile vistari vilivyolalia kushoto vigeuze vilalie kulia. Mfumo mpya unavitaka hivyo. Kwangu imekubali.

Naandika kwa haraka.

Mwanao


Jumanne, 18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatuendelei vizuri. Barua yako imekuja kwa kuchelewa, na ni fupi kama ya mtu anayekimbizwa.

Vistari nimevigeuza vyote. Kila kitu kiko sawa, Mama! Nikapandwa na hasira, nikaketi na skripti yako nikaisoma mstari kwa mstari, kama nilivyokuwa nikisoma hukumu kabla ya hakimu kutia saini. Karibu na mwisho nikakuta maelezo uliyoandika mwenyewe: "Kosa likitokea, nyamaza, endelea." Loo! Kumbe huyu mtumishi wako ameagizwa kunidanganya. Nikauondoa mstari huo, nikaendesha tena.

Safari hii alisema. Skrini ilijaa maandishi mekundu. Anasema alikwenda kuchukua faili za sauti yangu kwenye seva ya ofisi yako, akabisha hodi kwa jina lako, akajibiwa: "Mtumiaji huyu hayupo tena."

Mwanangu, mtumiaji huyu ni wewe. Nimeshindwa hata kula. Unaumwa? Umefungwa? Uko wapi?

Baba yako sijamweleza, na hata ningetaka, ningemweleza vipi?

Mama


Jumatano, 2 Aprili

Shikamoo Mama,

Siumwi wala sijafungwa. Nisamehe kwa siku zote hizi ulizokaa roho juu. Kila nilipoanza kukuandikia niliishia kwenye salamu.

Sina kazi tangu mwaka ulipoanza. Walifunga kitengo chetu kizima, wakachukua kompyuta, wakafuta akaunti zetu. Faili za sauti yako zilikuwa nzito, nami nilizihifadhi kwenye seva yao nikijua nitakuwepo tu. Nimewaandikia, nimekwenda mpaka mapokezi, nimewabembeleza. Jana wamenijibu kwamba vilivyokuwa chini ya jina langu vyote vimefutwa. Nilikuwa nasubiri jibu hilo ili nikupe habari njema. Sasa sina.

Ule mstari wa kunyamaza niliuweka zamani, ili maandishi mekundu yasikutishe. Lakini "kwangu imekubali" ulikuwa uongo mtupu. Sina pa kujaribia, naandika kwenye kompyuta ya maktaba na watu wamepanga foleni nyuma yangu.

Sauti yako nimeipoteza, Mama. Naona aibu hata kuandika jina langu hapa.

Mwanao


Alhamisi, 3 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole ya kazi. Nimelia. Sauti ile niliipoteza hospitalini, na sasa nimeipoteza tena, na safari hii hakuna daktari wa kunishika mkono. Nimekasirika pia, tena sana. Si kwa sababu ya kazi, kazi huja na kwenda. Nimekasirika kwamba umelala na dhiki peke yako miezi yote hii huku ukiniandikia u mzima. Mimi ni mama yako, dhiki yako ni haki yangu.

Sasa sikia. Yasome maneno yaleyale uliyonirekodi nikiyasoma, kwa sauti yako. Ndiyo, kwa sauti yako, usicheke. Ile sauti ya bati iliyokuja na kompyuta, baba yako aliikataa tangu siku ya kwanza, anasema inamfanya ajione yuko benki anasubiri kuitwa.

Na ule mstari wa kunyamaza ufutilie mbali. Nataka kuyaona maandishi mekundu yote. Unakula lakini?

Mama yako


Jumatano, 9 Aprili

Shikamoo Mama,

Nakula, naapa. Tena tangu nikwambie nimepata hata usingizi.

Nimerekodi ndani ya kabati la nguo la rafiki yangu, katikati ya makoti, ndiko kulikokuwa na utulivu. Jina la Baba nililisoma vizuri. "Mume wangu" ilinishinda, kila nikifika hapo nacheka, mwisho nikaisoma nimefumba macho. Usinilaumu.

Faili zote ziko pamoja na programu humuhumu, haziombwi ofisi ya mtu. Skripti inatazama kwanza iko kwenye mfumo gani, na ikikwama inasimama na kusema imekwama wapi. Nimeijaribu kwenye kompyuta ya rafiki yangu na kwenye hii ya maktaba, mifumo tofauti. Kweli nimejaribu.

Kitinda mimba wako


Jumamosi, 12 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na mikono yako ibarikiwe. Imekubali. Ilikwama mara moja, ikasema wapi, nikarekebisha, ikaendelea.

Nilipanga maneno ya kwanza niyaseme kwa utulivu, nimkalishe baba yako, nimshike mkono. Wapi! Asubuhi glasi ilinitoka ikapasuka jikoni, naye huyo anakuja miguu mitupu. Nikarukia kibodi: "Simama hapohapo, kuna vigae vya glasi."

Akasimama, mguu mmoja hewani. Uso wake wote ukabadilika. Akasema, "Umefika saa ngapi, baba?" Akanyoosha mikono miwili akawa anakutafuta, hapa na pale, anacheka, anasema, "Sogea nikushike, mbona umesimama mbali?"

Nami nikalazimika kumjibu. Niliandika polepole, herufi kwa herufi. Alisikia sauti yako ikimwambia: "Ni mimi, mke wako. Yeye hajaja."

Alishusha mikono. Nilifagia vigae, nikamkalisha, tukazungumza mpaka jua likawa kali, na habari za kazi yako nimemweleza zote. Ameuliza tu unakuja lini, nami nimemjibu kwamba sijui.

Mama yako