Mpira Uliogusa Mstari

Kigali,
Jumapili, 14 Septemba 2025

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Desderius Nshoma,
Bugarama, Ngara.

Baba, shikamoo. Naamini karatasi hii inakukuta mzima, na lile goti limekupunguzia maumivu tangu baridi ya Julai ilipoisha. Mfikishie Mama shikamoo yangu, na umwambie kwamba ninakula vizuri, maana najua hilo ndilo atakalouliza kabla hujafika mstari wa pili. Mmeshaanza kutayarisha shamba la maharage? Huku mawingu yameanza kukusanyika, nadhani na kwenu ni hivyohivyo. Mimi sijambo. Mkono hauniumi, na nina ule uchovu mzuri wa mtu aliyemaliza kazi aliyoianza.

Utashangaa kuona naandika wakati jana tumeongea kwenye simu hadi salio likaisha. Ipo sababu, na nitaifikia. Nikikupigia utasema "sawa mwanangu", na tutaishia kuulizana habari za mvua. Kwa hiyo nimempa Mwalimu Mayunga barua hii mkononi. Anavuka mpaka wa Rusumo kesho asubuhi kurudi kwake Biharamulo, na ameahidi kupita Bugarama kwanza.

Jana ulinisikia nikilia tu kwenye simu, sikukueleza lolote la maana. Ngoja nikueleze leo. Fainali ilianza saa nane mchana, jua likiwa kali, kwenye uwanja wa tenisi wa udongo mwekundu unaofanana na wetu wa nyumbani, tofauti yake ni kwamba huu haukutengenezwa na mtu anayesukuma pipa lililojaa mawe. Mpinzani wangu alikuwa binti wa Afrika Kusini, mrefu, anayeanzisha mpira kwa nguvu kiasi kwamba seti ya kwanza niliipoteza kwa dakika ishirini na tano. Seti ya pili nikakumbuka maneno yako, kwamba mtu mwenye nguvu umchoshe kwa kumsogeza. Nikamsogeza kushoto, nikamsogeza kulia, nikamwita mbele karibu na wavu. Ya tatu ilipofika sita kwa tatu, Mwalimu Mayunga alikuwa amesimama juu ya benchi, yeye na umri wake wote. Hili ndilo taji langu la kwanza la kulipwa, Baba. Orodha mpya ya dunia ikitoka nitakuwa nafasi ya mia tatu na tisini au karibu na hapo. Wametaja jina langu kwenye spika wakasema Tanzania, nami moyoni nikasema Bugarama.

Naomba univumilie nikikukumbusha mambo unayoyajua, maana nataka tuyaone yote kwa mfululizo.

Wewe ulikuwa mlinzi kwenye makazi ya wafanyakazi wa mashirika, enzi za kambi ya wakimbizi ya Lukole. Wazungu wale walikuwa na uwanja wao wa changarawe, na jioni walipokosa mtu wa nne wa kucheza walikuita wewe, ukaacha rungu lako kwenye kiti ukaingia na viatu vya kazi. Kambi ilipofungwa mwaka 2008 walikuachia raketi mbili, wavu uliotoboka na gunia la mipira iliyokwisha manyoya. Watu walikucheka. Walisema wenzako wameondoka na mabati na magodoro, wewe umeondoka na vyandarua. Nilikuwa na miaka tisa. Ulisawazisha kile kipande nyuma ya nyumba ambacho Mama alikitaka kwa mihogo, ukachora mistari kwa majivu, na ukanifundisha sheria moja kabla hujanifundisha kushika raketi: mpira ukigusa mstari, hata kwa unywele, ni ndani. Ulisema majivu yakiruka, usibishane.

Halafu akaja Mwalimu Mayunga, aliyehamishiwa shule yetu kutoka Biharamulo, akaniona siku moja akadhani anaota. Yeye ndiye aliyeniandikisha mashindano ya vijana Mwanza, kisha Dar es Salaam. Yeye na wewe ndio mlionipeleka Bujumbura mwaka 2014, nikiwa na miaka kumi na mitano, tukavuka mpaka wa Kabanga tukiwa watatu kwenye kiti cha watu wawili. Nikashinda, nikapata nafasi kwenye kituo cha mazoezi Nairobi. Mengine yote yalianzia pale.

Nairobi nilikaa miaka minne. Pointi yangu ya kwanza ya dunia niliipata Tunisia, kwenye mashindano ambayo watazamaji walikuwa mbwa mmoja na mama mfua nguo. Wewe ukaenda kuitangaza pointi hiyo moja baada ya misa, na Padri akalazimika kukuuliza kama ni mchezo wa kikapu. Nikapanda hadi nafasi ya mia tano na kumi. Kisha ule mwaka nilipoteleza uwanjani, mfupa wa kifundo cha mkono wa kulia ukavunjika, nikakaa nje miezi kumi na minne, na jina langu likafutika kabisa kwenye orodha.

Miezi ile niliishi Nemba kwa dada Irine, na sijawahi kukuambia ilivyokuwa. Alipokwenda zamu zahanati, mimi nilibaki napiga mpira ukutani kwa mkono wa kushoto, kwenye ghala la mahindi la jirani yake. Wanawake waliopita kwenda sokoni waliniuliza kwa upole kama sasa nitaolewa. Mmoja, anaitwa Nyamizi, alisimama kila siku kunitazama, na siku moja akaniambia kwamba mkono huo wa kushoto unajua kazi. Wewe ulikuja mara moja, ukakaa juu ya kreti la soda muda mrefu ukitazama miguu yangu, ukainuka, ukanisogeza mguu nyuma kidogo, ukaenda kunywa chai. Jana yule binti wa Afrika Kusini alikuwa akipeleka mipira yote upande wangu wa kushoto akidhani ndiko kwenye udhaifu. Aliondoka bila kuelewa kilichompata.

Sasa nimefika kwenye sababu ya barua.

Bujumbura 2014, mchezo wa fainali, nilicheza na Ineza Niyokwizera. Utamkumbuka, yule binti mwembamba wa Muyinga mwenye kitambaa cheupe kichwani. Siku moja kabla tulikuwa tumekula pamoja ndizi za kuchoma, tukicheka jinsi Kihangaza changu na Kirundi chake vinavyoelewana. Mashindano yale, kama unavyokumbuka, hayakuwa na mwamuzi kwenye kila uwanja. Kila mchezaji aliamua mwenyewe mipira ya upande wake. Seti ya tatu, Ineza aliongoza tano kwa nne, na alibakiza pointi moja tu ashinde yeye. Alipiga mpira mrefu kwenye kona yangu ya nyuma. Uligusa mstari, Baba. Niliuona kama ninavyoiona kalamu hii. Nami nikainua kidole nikasema nje.

Ineza alikuja hadi kwenye wavu. Hakugomba. Aliniuliza, "Koleta, umeuona vizuri?" Nikasema nimeuona. Akaomba nimwonyeshe alama kwenye udongo. Nikatembea hadi kwenye kona, nikaikanyaga alama yake kwa soli, nikamwonyesha nyingine ya zamani iliyokuwa nje kwa kiganja kizima. Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya uzio upande wake, mbali na kona yangu, usingeweza kuona. Alikugeukia, kwa kuwa ulikuwa mtu mzima pekee aliyekuwa karibu. Nawe ukamjibu kwa lugha yetu, taratibu, "Binti yangu, huyu nimemfundisha mimi. Mtoto wangu haibi mpira." Akakuamini. Alirudi kwenye nafasi yake, akapoteza pointi ile, gemu ile, na mchezo. Mimi nikaenda Nairobi.

Miaka kumi na moja nimekuwa nikisikia sentensi yako kuliko ninavyosikia makofi. Umeirudia mara nyingi kwa majirani, na kila mara nilitafuta sababu ya kutoka nje.

Sikujua Ineza alikoishia. Alhamisi iliyopita, kabla ya nusu fainali, tuliitwa kwenye wavu kurusha sarafu, na mwamuzi aliyeshuka kutoka kwenye kiti kile kirefu alikuwa yeye. Amenenepa kidogo, amevaa shati la bluu la waamuzi. Alinisalimia kama anavyomsalimia mchezaji yeyote. Nilicheza seti nzima nikikitazama kiti chake. Katika seti ya pili mpinzani wangu alipiga mpira karibu na mstari wa nyuma, mwamuzi wa mstari akasema nje, mpinzani akabisha. Ineza alishuka, akatembea hadi kwenye kona, akainama juu ya alama, akaitazama bila haraka, akatangaza kuwa ni ndani. Ilikuwa ndani kweli. Alipopita karibu yangu nilishindwa kumtazama. Nilishinda mchezo ule, Mungu anajua nilivyoshinda.

Nilimngoja nje ya chumba cha waamuzi. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea, nikasema tu kwamba mpira wa Bujumbura ulikuwa ndani na mimi nilijua. Akaniambia anajua. Alikuwa ameiona soli yangu. Nikamuuliza kwa nini basi hakumwita msimamizi. Akasema, "Baba yako alinijibu kama mtu anayesema ukweli. Nikaona labda macho yangu ndiyo yamekosea." Alirudi Muyinga, akacheza miaka miwili zaidi, hakupata nafasi nyingine. Kisha akasomea uamuzi, akaapa kwamba kwenye uwanja atakaousimamia yeye, hakuna mtoto atakayeachwa aamue kwa hofu yake. Sasa anaitwa kuamua michezo katika nchi saba. Hakunifariji, na hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu, kama nimekuambia wewe. Kisha akachukua mkoba wake akaenda.

Ndiyo maana nakuambia. Niliiba mpira, Baba, nikakufanya wewe shahidi wangu bila wewe kujua. Siandiki ili unisamehe haraka. Naandika kwa sababu Jumamosi halmashauri inanipokea Ngara mjini, na dada Irine ameniambia wewe ndiye utakayezungumza kwa niaba ya familia. Najua sentensi utakayoisema. Nakuomba usiiseme. Mimi mwenyewe nitasimama baada yako niwaeleze watu habari ya Bujumbura, kwa kifupi, mbele ya wanafunzi watakaoletwa kuniimbia. Nimeshawaandikia pia wasimamizi wa mashindano yale. Wakitaka kufuta jina langu kwenye kumbukumbu zao, wafute.

Usidhani kwamba nimevunjika. Ukweli nikuambie, leo nimeamka nikiwa mwepesi. Kifundo cha mkono kiliunganishwa na daktari, lakini aliyepiga ukutani miezi kumi na minne ni mimi. Tunisia nilikwenda mwenyewe, na jana nilishinda mwenyewe, uwanja ukiwa na macho ya kutosha pande zote. Na mtu aliyechora mistari kwa majivu nyuma ya nyumba, akavumilia kuchekwa, anastahili kutembea Ngara mjini kichwa juu Jumamosi, kwa kuwa kilichoharibika siku ile hakikuwa mafundisho yake.

Jambo la mwisho. Leo baada ya misa Ineza amenitafuta yeye. Ana mapumziko ya wiki moja, na njia ya kurudi Muyinga anaweza kuipitisha kwetu. Anaomba kuja kukusalimu. Nimemwambia jibu ni lako. Ukikubali, mwambie Mwalimu Mayunga anipigie, tutafika Ijumaa tukiwa wawili. Ukitaka nije peke yangu, nitakuja peke yangu, na nitakaa popote utakaponionyesha.

Nisalimie Mama sana, na majirani wote, hata wale wa vyandarua. Dada Irine akija kutoka Nemba mwambie asipike kuku kabla hujamaliza kusoma na kunijibu. Mungu awalinde hadi tutakapoonana.

Tangu Bujumbura nimesema "nje" mara nyingi sana, Baba. Kila mara ilikuwa nje.

Ni mimi mwanao,
Koleta Desderius