Unga Mweupe Kwenye Mshono wa Tangi

Kitengela, tarehe 14 Novemba 2024

Mpendwa Mshauri Phylis,

Naomba msaada wako, na pia naomba usinikasirikie mpaka ufike mwisho wa barua, kwa sababu jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata pasta wetu.

Mimi ni mjane, naitwa Selpha, na mume wangu Elphas alifariki Agosti mwaka jana kwa ugonjwa wa figo, akaniachia watoto wawili na kiwanda kidogo cha sabuni ya miche huku upande wa barabara ya Isinya, na katika kiwanda hicho kitu kikubwa ni tangi moja la chuma ambalo alilichomelea mwenyewe wiki ya Pasaka, mimi nikimletea uji, na ndani yake ndimo tunamopika mafuta na kostiki, ile dawa kali ya sabuni inayochoma ngozi, kwa mvuke mpaka yawe sabuni.

Elphas alikuwa fundi wa mabomba kwenye mashamba ya maua, hakusomea uinjinia, lakini alikuwa mwangalifu sana. Alinieleza kwamba kostiki ya moto na chumvi hula chuma polepole, kwa hivyo kila Disemba, siku ya kufunga kazi, aliazima kipimo kidogo kutoka kwa rafiki yake, akapaka mafuta ya kujipaka upande wa chini wa tangi, akaweka kile kipimo juu ya mafuta, nacho kikamwonyesha unene wa chuma uliobaki, mimi nikimshikia tochi, halafu akaandika hapo hapo kwa rangi nyeupe. Alianza na 6, ndizo milimita, Disemba ya 2018. Mwaka uliofuata 5.5, halafu 5, halafu 4.5, halafu 4. Chini yake aliandika, "Ikifika 3 tusipike." Akimaliza alinipaka puani yale mafuta yaliyobaki kwenye kidole chake, tukacheka, tukaenda nyumbani. Mkebe wa mafuta bado niko nao, na shimo la kidole chake bado limo.

Mshauri, Disemba iliyopita sikupima. Nilijiambia ni kwa sababu ya msiba, lakini ukweli ni kwamba sikutaka mkono wa mtu mwingine uandike chini ya ile 4 yake. Sasa Disemba nyingine inakuja, na mwaka huu tulipata shule tatu za kuuzia, tunapika mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na tangu Septemba pale kwenye mshono wa chini, alipochomelea chuma kwa chuma, kunatokea unga mweupe kama chumvi, na mimi huwa nafika kabla ya wengine, naukwaruza kwa kisu cha zamani, nafagia, halafu nawafungulia mlango kama hakuna kitu.

Kuna injinia msichana, Makena, anayekuja kutuangalilia boila ya mvuke. Wiki jana alisoma zile namba akaniambia, "Mama Melvin, wacha nipime. Ni dakika tano tu."

Nikamwambia, "Wiki ijayo, mami."

"Hata mwezi uliopita ulisema wiki ijayo."

Kaluki, ambaye kazi yake ni kuchuchumaa pale chini na kufungua valvu ya kutoa maji ya kostiki yanayobaki, akacheka. "Makena, achana na hilo tangi. Hapa tunaliheshimu kama mama mkwe, hata kuliangalia sana ni makosa."

Wote walicheka, hata mimi. Lakini juzi Kaluki alikuja na kidonda kidogo juu ya kifundo cha mkono, kama mtu aliyechomwa na sigara, akasema labda ni mafuta ya chapati yalimrukia, na mimi nilijua si chapati, nikampa mafuta ajipake.

Makena akipima na aone chuma kimeisha, tangi litakatwa, na mwandiko wa Elphas utaenda kwa watu wa vyuma vikuukuu. Sina mwandiko wake mwingine, alikuwa mtu wa kupiga simu. Nifanye nini? Unikumbuke katika maombi yako.

Ni mimi,
Selpha, Mama Melvin

*

Selpha dada yangu,

Pole sana. Nimefika mwisho wa barua, na nimekasirika, lakini nililia kwanza. Jibu hili nakutumia kwa simu kabla halijatoka gazetini, kwa sababu Kaluki hawezi kungoja Jumamosi.

Zima boila leo. Nilimsomea barua yako injinia mmoja ninayemwamini, na nilipofika kwenye unga mweupe akanikatiza. "Hiyo ni kostiki imeshapenya. Maji yamekauka, imebaki yenyewe." Halafu akauliza ni nani anakaa karibu na hapo. Jina la huyo anayekaa hapo unalo.

Hesabu ya mumeo hata mimi niliyeanguka hesabu naielewa. Kila mwaka inapungua nusu. Mwisho aliandika 4, na miaka miwili imepita. Haya, toa mwenyewe. Elphas alikuwa anakuonyesha Disemba hii tangu akiwa hai, na alidhani mtapika mara moja kwa siku! Umeilinda namba yake ukaacha maneno yaliyo chini yake, na maneno ndiyo aliyokuandikia wewe. Na kile kisu cha asubuhi, dada, ulikuwa unawaficha watu hatari iliyo karibu na nyuso zao. Hilo sitalipaka asali.

Mwite Kaluki kando, umwambie si mafuta ya chapati. Mwombe msamaha, umpeleke hospitali wewe mwenyewe. Siku nyingine mtu akirukiwa na kostiki ni maji ya bomba, mengi, kwa muda mrefu, si mafuta ya kujipaka. Kisha mwite Makena, na tochi uishike wewe. Tangi limwagwe wakiwa na glavu na miwani, lisuuzwe mara kadhaa kabla fundi hajasogeza moto wa kukatia chuma. Shule zitangoja sabuni. Zikikataa kungoja, zinunue kwingine.

Sasa mwandiko. Mwambie fundi akate kipande hicho kwanza, kikubwa kama sinia, kabla ya kugusa pengine. Kisafishwe, kitundikwe karibu na mlango, kila anayeingia kazini asome, "Ikifika 3 tusipike." Na tangi jipya lisipikiwe kitu mpaka uandike 6 kwa mkono wako. Mwandiko ukipinda si kitu.

Mkebe wa mafuta uweke, nunua mwingine wa kupimia. Kumbukumbu isiyoweza kumchoma mtu ina haki ya kukaa kabatini. Mimi nina kofia ya mtu, ina vumbi la miaka tisa, na ole wake atakayeiosha.

Siku mtakayowasha tangi jipya najua mtaomba kwanza. Mkishamtaja Elphas, nikumbukeni na mimi.